Kibodi Moja, Mashine Tatu

Usimwonee mtu wivu kwa sababu anafanyia kazi nyumbani. Nawasikia wenzangu hapa ofisini wakisema, "Mama Skrini kaukata, anachapa kazi miguu ikiwa kwenye kapeti." Kaukata wapi, jamani? Mimi niliyekaa jirani na meza yake miaka yote ile, na juzi nimetoka kumtembelea huko huko nyumbani, nikisikia maneno hayo mkono unaniwasha.

Kampuni yetu inasafirisha mizigo kwa malori. Mimi niko kaunta: unaleta boksi lako, napima, nabandika namba, unaweka sahihi, unakwenda zako. Nyuma yangu kuna mlango wa kioo, na nyuma ya mlango huo ndipo kilipo chumba cha uendeshaji. Zamani walikaa watu watatu mle ndani. Mmoja aliandikisha mizigo inayoingia bohari. Mwingine aliyafuatilia malori barabarani na kuwatumia madereva ujumbe. Wa tatu alijibu wateja. Kila mmoja alikuwa na kompyuta yake, na kompyuta zenyewe zilikuwa kama majirani waliogombana, maana kila programu ilinunuliwa kwa wakati wake na kutoka kwa mtu wake. Ukitaka habari za boksi zitoke mashine hii ziende ile, lazima mtu azisome kwa macho aziandike upya kwa vidole.

Mama Skrini ndiye aliyekuwa wa malori. Mtoto hana; hilo "Mama" ni la heshima tu, na "Skrini" tulimwongezea baadaye, mambo yalipoharibika. Yalianza kuharibika yule wa mizigo alipostaafu. Haijapita muda, yule wa wateja naye akapata kazi kwingine akafunga virago. Meneja akasema watu watatafutwa. Meneja wetu hana makuu, hapandishi sauti, muda wote anatabasamu, na kila mzigo anaokutwisha anauita fursa. Kwa hiyo akiwa hayupo tunamwita Fursa.

"Shikilia kidogo," Fursa alimwambia. "Ichukulie kama fursa ya kujua kampuni nzima."

Kidogo hicho kikaota mizizi. Mwanzoni Mama Skrini alikuwa anahama meza kwa meza, anajisukuma kwa miguu kwenye kiti chenye magurudumu, huku na kule kama mtu anayepiga makasia. Kiuno kikaanza kumsumbua. Alipolalamika, Fursa hakuleta mtu. Alileta boksi dogo, na ndani yake mlikuwa na kibodi isiyo na waya pamoja na mausi yake.

Nilikuwepo ilipofunguliwa, na nakiri kilikuwa kitu kizuri kukitazama. Juu ya kibodi palikuwa na vitufe vitatu: moja, mbili, tatu. Ukibonyeza moja, unaandika kwenye kompyuta ya mizigo. Mbili, uko kwa madereva. Tatu, uko kwa wateja. Mausi nayo ilikuwa na kitufe chake cha kuihamisha, ila chenyewe kiko tumboni. Lazima uigeuze chali, ubonyeze, ndipo uirudishe mezani. Skrini zote tatu zikasogezwa kwenye meza yake zikamzunguka, na zile meza mbili nyingine zikatolewa nje siku hiyo hiyo.

"Unaona sasa?" Fursa akasema. "Huna haja ya kuinuka tena."

Na mwenzangu akashukuru! Kiuno kilikuwa kinamuua, nisimlaumu. Lakini mimi nilipoona zile meza zinapitishwa mlangoni nilijua hakuna mtu mwingine atakayeajiriwa.

Basi akakaa. Chumba chenyewe dirisha halifunguki, kabati la mafaili limeegemea pale tangu enzi hizo, na kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Yeye katikati, skrini mbele, skrini kushoto, skrini kulia. Moja, mbili, geuza mausi, tatu, rudi moja. Hakuwa anaangalia vitufe. Ukimsemesha anakujibu "mm" huku anaandika, na hujui "mm" hiyo ni yako au ya dereva. Akitaka kwenda msalani ananigongea kioo: "Shoga, nitazamie, usiguse kitu." Chai yake nilikuwa naimwaga mimi, imeshapoa.

"Unajua," aliniambia siku moja tunatoka, "hata nikilala kidole gumba kinaendelea kubonyeza."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kilichomtia wazimu hasa ni habari za mama yake. Mama anakaa mji mwingine, mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, pamoja na kaka yake Mama Skrini na mke wa huyo kaka. Wifi mtu ndiye aliyepiga simu. Akasema mama ameanza kupotea. Si njiani; kichwani. Anaweka sabuni kwenye friji, anauliza chakula wakati sahani iko mbele yake. Kisha siku moja aliitazama picha ya binti yake ukutani akamuuliza wifi, "Huyu mwanamke ni wa nani?"

"Njoo, wifi," yule mke wa kaka alimwambia. "Njoo wakati bado siku nyingi anakujua. Daktari anasema akiwa anakuona na kukusikia kila siku, utakaa kichwani kwake muda mrefu zaidi. Ukichelewa utamkuta yupo, lakini yeye hatakukuta."

Mama Skrini alinieleza maneno hayo tukiwa tumesimama kwenye ngazi za ofisi, mkoba umembana kwapani, na alilia bila kujificha. Nami nikalia. Alikuwa hataki kupandishwa cheo, hataki nyongeza, hataki chochote duniani isipokuwa hicho: amfikie mama yake kabla mama yake hajamsahau.

Akaenda kwa Fursa kuomba aachiwe. Kampuni ina kibanda cha kupokelea mizigo katika mji ule, angeweza hata kukaa pale kaunta kama mimi.

"Sikukatazi kabisa," Fursa akamwambia, mkono kifuani. "Mama ni mama. Tafuta tu mtu anayeweza kiti hiki, mfundishe, hata kesho uende."

Tukafundishwa, weee! Wa kwanza alitoka bohari, mwanamume ana mikono kama makoleo, alibonyeza vitufe viwili kwa mpigo hadi kibodi ikazima. Wa pili alikuwa dada mwenye cheti chake safi cha kompyuta. Huyo alijitahidi, lakini baada ya wiki akasema kizunguzungu kinamfuata mpaka kwao, akaacha. Wa tatu mimi. Nilijipa moyo, nikajiambia, kwani ni nini, si kuandika tu? Kumbe shida haiko kwenye kuandika. Shida ni kwamba kibodi inaweza kuwa mbili na mausi iko tatu, na zote mbili zimetulia hapo mezani zikijitia hamnazo. Unabofya huku, maneno yanatokea kule. Mteja aliyetaka kujua godoro lake liko wapi nilimwandikia barua ndefu ya kumwomba radhi, na barua yote ikaingia kwenye kisanduku cha uzito wa mzigo. Mashine ikanipigia kelele. Nilinyanyuka kabla ya saa ya chakula, jasho linanitiririka mgongoni.

"Wewe unawezaje?" nikamuuliza.

"Siwezi," akasema. "Nimezoea tu."

Fursa aliposikia wote tumeshindwa alifurahi, ingawa alijikaza uso. "Mnaona? Hakuna kama yeye." Akawa anarudia hivyo kila kikao, na watu wanapiga makofi. Sijapata kuona mtu akifungiwa ndani kwa makofi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha, na barabara moja ya milimani ilikuwa na utelezi. Mama Skrini akabonyeza mbili, akachagua "madereva wote", akawaandikia wapunguze mwendo. Wakati huo huo ujumbe wa wifi yake ukaingia. Alikuwa ameufungua mtandao wa kuzungumza na nyumbani kwenye kona ya mashine ya tatu, kwa sababu simu mkononi asingeweza kuishika. Mikono yenyewe ilikuwa na kazi. Wifi aliandika kwamba yuko sokoni, na jirani amempigia kusema mama nyumbani amefunga begi, amesimama getini, anasema anakwenda kumtafuta binti yake. Simu ya mama ipo mkononi mwake, ujumbe bado anaweza kuusoma. Mwandikie wewe, atakusikia wewe.

Akaigeuza mausi, akabonyeza tumbo, akaihamishia tatu. Akabofya kwenye jina la mama. Kitufe cha kibodi hakukigusa, ikabaki mbili. Macho yalikuwa yamejaa machozi, hakuona maneno yanatokea wapi, akaandika upesi upesi:

"Usiondoke hapo. Usiende popote. Nisubiri hapo hapo ulipo, nakuja mwenyewe kukuchukua."

Akatuma.

Ulikwenda kwa madereva wote.

Na elewa kwamba madereva wale walikuwa wakimtii kuliko wake zao. Miaka yote hiyo hajawahi kuwatumia neno la mzaha. Akisema pita kulia, wanapita kulia. Basi wakasimama. Kwenye skrini ya malori kuna ramani yenye vidoti vya kijani vinavyotembea, kila kimoja ni lori. Nilikuwa nimeingia kumletea chai, nikaona vidoti vinasimama kimoja kimoja mpaka ramani nzima ikatulia tuli. Mmoja alikuwa kwenye mzunguko wa barabara, akaegesha hapo hapo katikati, magari yanampigia honi, yeye amekunja mikono anasema bosi wake anakuja kumchukua. Mwingine alizima injini akatandika mkeka chini ya tela, akalala. Simu za wateja zikaanza kuita, zote kwa pamoja.

Mama Skrini aliitazama ramani, akaitazama kibodi, akaelewa. Hakupiga kelele. Aliweka mikono kichwani.

"Mama hajapata," akasema. "Shoga, mama hajapata ujumbe."

Mimi ndiye niliyempigia wifi yake kwa simu yangu. Lakini mama alikuwa ameshatoka. Walihangaika kumtafuta mpaka mchana, wakamkuta kituo cha mabasi. Amekaa juu ya begi lake, kila basi likiingia anainuka, anawatazama abiria wanaoshuka, anarudi kukaa. Alikuwa mzima, ila miguu imevimba. Na alipoulizwa anamngoja nani, alishindwa kumtaja.

Jioni Fursa akamwita ofisini kwake. Nilisogeza kiti changu karibu na mlango, sioni aibu kusema.

"Nifukuze," Mama Skrini akasema. "Nimesimamisha malori yote. Nifukuze niende zangu."

"Nikufukuze?" Fursa akashtuka kweli kweli. "Halafu mashine zile nimpe nani?"

"Basi naacha mwenyewe."

"Kaa kwanza, dada yangu. Kaa. Ukiacha kazi mama atatibiwa na nini? Na kaka yako peke yake ataweza?" Nikasikia kiti kinalia. "Mimi naona hapa kuna fursa."

Nikaziba masikio, lakini nikayazibua haraka, nilitaka kusikia. Fursa akasema mashine zinaweza kumfuata. Zipakiwe kwenye lori letu wenyewe, zipelekwe kwa mama yake, intaneti ifungwe, afanyie kazi hapo hapo nyumbani. Mama atamwona kila siku. Kampuni haitapoteza kitu. Mama Skrini alitoka mle ndani analia na kucheka kwa wakati mmoja, akanikumbatia mpaka mihuri ikaanguka kutoka kaunta.

"Nakwenda kwa mama!" akasema. "Shoga, nakwenda!"

Nami nilifurahi. Sitasema kwamba nilijua, maana sikujua.

Fundi wa mitambo akaja kuziandaa mashine. Akasema vile vitufe ni mambo ya kizamani, ndivyo vilivyoleta balaa. Akaweka programu mpya: huna haja ya kubonyeza wala kugeuza chochote. Unaisukuma mausi mpaka ukingoni mwa skrini, inapenya, inatokea skrini ya jirani, na kibodi inaifuata yenyewe. Tukashangaa kama watoto. Mama Skrini akaijaribu, akaipitisha mausi toka mashine ya kwanza hadi ya tatu na kurudi, akatabasamu.

"Na zinaweza kuingia ngapi?" Fursa akauliza.

"Hata zaidi ya hizi," fundi akajibu, anakunja nyaya zake. "Ni kuongeza tu."

Mashine zikachelewa njiani siku chache, na hizo siku ndizo njema. Alinipigia simu sauti inaruka. "Amenijua! Nilipoingia tu amenishika masikio yote mawili, ameniita Kadogo, jina la utotoni!" Walikuwa wanakaa barazani asubuhi, anamsuka nywele mama, mama anamsimulia habari za watu waliokufa zamani kana kwamba wamepita jana. Akaniambia hajalala vizuri hivyo miaka mingi, hata kidole kimetulia. Nilimwambia afaidi, anastahili.

Kisha lori likafika. Baada ya hapo simu zikapungua, na akipiga nasikia tak-tak-tak nyuma ya sauti yake. Anasema "mm". Nikajua tumerudi kule kule.

Nilipopata likizo nikamfuata. Nyumba ni ndogo, safi, sebule moja na vyumba viwili. Meza yake imewekwa kwenye pembe ya mbali, kwa sababu ndipo waya wa intaneti unapofika, na ukikaa unatazama ukuta. Mashine hazikuwa tatu. Zilikuwa nne. Fursa amefungua tawi jingine, na badala ya kuajiri mtu, ameongeza skrini. Na wifi mtu, ambaye zamani alikuwa akishinda na mama mchana, sasa anashinda sokoni kwenye biashara yake, hata simlaumu; alisema, "Si dada yupo nyumbani?" Kila mtu alisema hivyo. Kazini wanamwona yuko nyumbani, kwa hiyo wanamwita mpaka lori la mwisho liegeshwe. Nyumbani wanamwona yupo, kwa hiyo wamemwachia kila kitu. Na yeye yupo, kweli yupo, ila amewapa mgongo.

"Karibu shoga, kaa hapo na mama, namaliza hili moja," akaniambia bila kugeuka. Mausi ikapenya skrini ya kwanza ikatokea ya pili, ya tatu, ya nne.

Nikakaa na mama. Bibi mwembamba, kichwa kimejaa mvi, amefungwa kitambaa vizuri. Nikajua amefungwa na binti yake alfajiri. Alikuwa na taulo mapajani, analikunja, analifungua, analikunja. Tulizungumza kidogo, akanipa pole ya safari, akaniuliza habari za watoto. Muda wote ule macho yake yalikuwa yanakwenda kule pembeni, kwenye ule mgongo.

Mashine moja ikalia. Nyingine ikalia.

"Mama, unahitaji kitu?" Mama Skrini akauliza, vidole havikusimama. "Nakuja sasa hivi."

Mama aliniinamia mimi, akanishika mkono, akanong'ona, lakini ni mnong'ono wa mtu asiyesikia vizuri, ulijaza sebule nzima.

"Yule dada ana bidii," akasema. "Anakuja kabla hakujakucha, anaandika tu. Hata kula hali vizuri. Namwonea huruma."

Kule pembeni tak-tak-tak ikakatika.

Mama Skrini aligeuka. Aligeuza kiti kizima, akamtazama mama yake usoni, mikono imebaki hewani pale kibodi ilipokuwa. Mashine zote nne zikaanza kulia nyuma yake na hakuna hata moja aliyoigusa.

"Mama," akasema. "Mama, ni mimi."

Mama yake akamtabasamia kwa upole, vile mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Basi, binti, inatosha kwa leo," akasema. "Nenda kwenu. Mama yako atakuwa anakungoja."